Inadondokea Wapi, Inatokea Wapi?

Kwa miaka mingi nilisimama mbele ya wanafunzi wa kidato cha tatu nikifundisha kauli ya kutendea. Niliandika ubaoni: andika, andikia, kata, katia, hama, hamia. Tulipofika kwenye matumizi ya mahali nilipita mbio, kwa kuwa hayakuulizwa sana katika mitihani. Mbio zile nimekuja kuzilipia uzeeni, tena kwa fedha taslimu.

Nina pikapu ya zamani, Toyota Hilux yenye injini ya dizeli ya 3L, ile ya silinda 4 na lita 2.8. Ndiyo inayobeba mahindi yetu kutoka shambani na, siku za kliniki, mke wangu. Mwaka jana nilianza kuona doa la oili chini ya pale injini inapoungana na gia boksi. Nikaipeleka kwa fundi, nikamweleza kwa Kiswahili nilichodhani ni fasaha: “Inavujia nyuma, kwenye gia boksi.”

Fundi akaitikia kwa kichwa. Ni sili ya nyuma ya krenki, akasema. Ili kuifikia, gia boksi hushushwa, klachi hufunguliwa na flaiwili hutolewa. Kazi ya siku mbili. Nikalipa Sh 350,000, fedha tulizokuwa tumetenga kwa ada ya mjukuu. Wiki moja baadaye doa lilikuwa pale pale.

Fundi wa pili alikuwa kijana mdogo. Aliniamkia, akalala chali juu ya kipande cha boksi, akamulika kwa tochi.

“Mwalimu, oili inadondokea hapa. Sasa inatokea wapi?”

Nilinyamaza. Vitenzi viwili, kauli ile ile, mielekeo miwili inayopingana: kudondokea hutaja mahali tone linapoishia, kutokea hutaja lilikoanzia. Kitenzi changu, kuvujia, kiliweza kubeba maana zote mbili, na kwa hiyo hakikumwambia fundi lolote. Hata kuvuja kwenyewe kuna utata wake: mtungi huvuja, na maji nayo huvuja.

Kijana akaisugua injini kwa dizeli na brashi, akaisuuza, akaikausha. Kisha, jambo lililonichekesha, akaipaka poda ya watoto upande wote wa nyuma. Tukazunguka mtaa hadi injini ikapata joto. Tuliporudi, mstari mwembamba mweusi ulikuwa umejichora juu ya ule weupe. Ulianzia juu kabisa, chini ya kifuniko cha valvu kwenye kona ya nyuma, ukateremka kwenye mgongo wa silinda hedi, ukafuata ukingo wa gia boksi, ukaishia kwenye tone. Pale juu pana kizibo cha mpira chenye umbo la nusu mwezi. Mshairi angekiita hilali. Hicho pamoja na gasketi ya kifuniko vilikuwa vimekaushwa na joto la miaka, vigumu kama ukucha.

Kuvibadilisha hakukuchukua hata saa mbili. Alikwangua mabaki, akapaka silikoni kidogo kwenye pembe za hilali, akakaza bolti kwa zamu, kidogo kidogo. “Ukikaza kwa hasira kifuniko kinapinda, halafu tunarudi kule kule.” Alisafisha pia bomba la kupumulia la injini, kwani likiziba, msukumo wa ndani huilazimisha oili kutafuta upenyo. Gharama yote, na vipuri ndani yake, haikufika robo ya ile ya kwanza.

Nikaenda kwa fundi wa kwanza na hotuba yangu kichwani. Nilimwambia kwamba alipaswa kutazama kabla ya kufungua, na bado naamini hivyo. Alinisikiliza hadi mwisho huku akifuta mikono kwa kitambaa.

“Lakini mwalimu,” akasema, kwa upole kabisa, “si wewe uliyeniambia inavujia kwenye gia boksi?”

Akanisogezea kigoda. Nikakaa.