Siku sita za wageni, miezi kumi na miwili yetu



Wengi kati yenu wanatuuliza: ninyi watu wa Mutwanga, mnaishi namna gani kule? Mnawaza ya kwamba mtoto aliyezaliwa chini ya Ruwenzori anaamka kila siku ndani ya picha ya kalenda. Kweli, mlima uko, na ni mzuri. Kilele chake, Margherita, kina mita 5109. Lakini picha ya kalenda haipiki sombe. Sisi tunaoandika haya tumelelewa pale mwaka mzima, jua na mvua. Mbele ya kumaliza masomo tunataka kueleza vile familia inalea watoto katika mji mdogo ambamo wengine wanakuja kutembea tu.

Mutwanga ni mlango wa mlima kwa upande wa Kongo. Parke ya Virunga ilianzishwa mwaka 1925, na tangu wakati wa Wabelgiji wageni walipita kwetu. Walilala hoteli, wakapita kwa ofisi ya parke pale Mutsora, halafu wakapanda. Safari ilichukua siku tano ao sita: walilala Kalonge, Mahangu, Kiondo, kisha waliteremka. Chakula, masufuria na mablanketi, vyote vilipanda kwa mgongo wa watu. Mmoja wa watu wale alikuwa baba.

Baba akirudi, nyumba yote ilijua. Nyama ilipikwa, na mtoto mwenye viatu vya kupasuka alipata vingine. Sisi watoto tulihesabu mwaka kwa wageni, si kwa miezi. Wakati wa jua walikuja. Mvua ikizidi, njia ilikuwa matope, baba alikaa kwa kiti karibu na mlango, na sisi tulijifunza kunyamaza.

Mama alikuwa na sheria yake. Makuta ya mlima iligawanywa mafungu matatu mbele ya kununua nyama: ya kula, ya minervali, na ya mkebe. Ule mkebe wa maziwa ya unga ulikaa chini ya kitanda. Tulinung'unika sana. Majirani walikula kuku siku tatu, sisi siku moja! Tulisema mama ni mgumu. Kanisani tulifundishwa habari za Yusufu na ghala za Misri, lakini hatukuona ya kuwa ghala iko chini ya kitanda cha mama.

Mwaka 2018 parke ilifungiwa watalii, tangu mwezi wa tano mpaka mwanzo wa 2019. Baba alingoja. Mwezi wa kwanza alisema watafungua. Mwezi wa pili alisema vile vile. Ndipo usiku mmoja tulimsikia mama: «Baba ya batoto, njia ya mulima inaweza kufungwa, lakini tumbo ya mutoto haina mulango.» Baba hakujibu. Juma lililofuata alichukua panga na jembe, akaenda kufyeka kipande cha shamba la babu upande wa chini, wakapanda kakao. Mama akaanza kuuza mafuta ya mawese. Kakao inataka miaka mitatu ao minne mbele ya kuzaa vizuri, na katika kungoja kule mkebe ndio ulitusaidia.

Kisha corona ikaja. Mwezi wa tatu 2020 parke ikafungwa tena, na masomo pia. Masomo yalipofunguliwa mwezi wa kumi, mkebe ulikuwa mwepesi. Shule ya msingi ya serikali ilikuwa bure tangu 2019, lakini sekondari hapana. Nyumbani tulikuwa watatu wa sekondari: yaya wetu, na sisi wavulana wawili, yaani huyu anayeandika na mtoto wa baba mdogo anayelelewa kwetu. Makuta ilitosha wawili. Wazazi walitazama chini. Yaya akasema: «Hawa bawili bakaanze. Miye nitangoja mwaka moja.»

Ule mwaka mmoja haujaisha mpaka leo. Mwaka 2021 vita vilifika upande wetu, tukakimbilia Beni, na kakao yetu ya kwanza ilivunwa na watu tusiowajua. Tuliporudi, makuta ilikuwa ya kujenga upya. Leo yaya anauza mawese na ndagala sokoni, mtoto mgongoni. Makuta ya egzameni yetu ya Serikali, yeye ndiye ameitoa.

Hapa tunataka kusema neno linalotuchoma. Siku ile tulikubali upesi. Hakuna aliyesema «tuongee tena kesho». Kama angekuwa kaka, tungeongea mpaka taa izimike. Na sasa, kwa kazi tuliyopewa hapa masomoni, kila mara tunasoma majina ya wanaorudi nyumbani kutafuta minervali. Tumeona kwa macho: mvulana anarudi kisha juma moja ao mawili. Msichana, mara nyingi jina lake tunaliita bure.

Wafinalisti wenzetu wengi wanasema: nikipata diploma, kule mlimani sirudi. Hatuwahukumu. Lakini mlima wenyewe haukutukosea. Maji yake yanateremka mpaka Semuliki, na tangu 2013 yanaendesha kituo kidogo cha umeme pale Mutwanga. Wageni nao ni baraka, lakini ni kama mvua: unaipokea, unajaza ndoo, hujengi nyumba juu yake. Mwenye kulea watoto mahali kama pale awe na shamba ao kazi nyingine, awe na mkebe. Na siku mkebe hautoshi, asimwache mtoto wa kike ajitoe peke yake kwa sababu ana moyo mwepesi wa kutoa.

Tumeandika hapa ili ninyi wote mwe mashahidi wetu: kazi ya kwanza tutakayopata, makuta ya kwanza ni ya minervali ya yaya. Tulipomweleza, alicheka, akasema: «Mushinde egzameni kwanza.» Kisha akatuuliza kama vitabu vyake vya zamani tungali navyo. Viko. Tulivifunga ndani ya nailoni, panya wasivile.