Safari ya Jeneza Kwenda Mlimani

Ukipata kusafiri usiku katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi, aghalabu hutakosa kupishana na basi dogo lililofungwa kitambaa mbele, abiria wake wakiimba kwa sauti ya chini. Ukishaupita mji wa Mombo, misafara hiyo huanza kuachana. Wa Vunta huiacha lami Hedaru, wa Suji huiacha Makanya, nao wa Mbaga huendelea hadi Same, kisha hukata kulia kupitia Mwembe. Kunapopambazuka, kila mmoja huwa umekwisha kuukabili mlima wake.

Nami nilikuwamo katika msafara mmoja wa namna hiyo, tukimrudisha nyumbani mjomba wangu aliyeitumikia reli tangu ujana wake. Nilikuwa katibu wa kamati ya mazishi. Kwa hiyo nitakayoyasema hayawahusu watu wengine tu. Saini yangu imo katika kila stakabadhi.

Watani wetu hutucheka kwamba Mpare na shilingi yake hawatenganishwi ila kwa hukumu ya mahakama. Laiti wangehudhuria kikao chetu! Kabla machozi hayajakauka tulikwisha andika jeneza, magari mawili, mpiga picha za video, fulana zenye sura ya marehemu, mashada ya maua, maturubai, viti, chakula, saruji na vigae. Michango ikamiminika kwa simu, nayo iliposhindwa kuifikia orodha, hatukuipunguza orodha. Tulikopa.

Jeneza tulilinunua karibu na hospitali moja ya mjini. Lilikuwapo la msonobari lililopakwa rangi, lilikuwapo la mninga, na lilikuwapo la mkongo, zito, lenye vishikio vya kung'aa, kidirisha cha kioo na satini nyeupe ndani. Muuzaji hodari hakutajii bei kwanza. Hukuuliza marehemu alikuwa nani wako. Ukishajibu kwamba ni mjomba aliyekulea, utawezaje tena kuliulizia la msonobari? Hata hivyo simlaumu. Naye ni seremala, ana pango la kulipa na vijana wa kuwalisha, na siku ambayo akili yako imepotea, yeye hukutafutia gari, watu wa kumwosha marehemu, hata barafu ya safarini. Kazi hizo zamani zilifanywa na jirani. Mjini jirani yuko kazini.

Waislamu wa Same wametuzidi katika jambo hili. Maiti huvikwa sanda, hulazwa katika jeneza la msikiti, hupelekwa kaburini siku ile ile iwezekanapo, nalo jeneza hurudi msikitini kumngoja mwingine, tajiri kwa maskini. Wasabato nao, ambao misheni yao ya kwanza nchini ilianzishwa Giti, katika milima hii hii, mwaka 1903, huiheshimu Jumamosi. Basi mwenzetu wa Suji aliyefariki Alhamisi huenda akazikwa Jumapili, na gharama ya siku zile za kungoja hupanda pamoja na idadi ya wageni.

Lakini desturi iliyonishangaza zaidi ni ya kale kuliko dini zote mbili. Sehemu nyingi za Upare, hususan kaskazini, kaburi halikuwa makao ya mwisho. Baada ya muda kupita, fuvu la mzee lilifukuliwa na kupelekwa mpungi, yaani msitu mtakatifu wa ukoo, likakae pamoja na mafuvu ya waliomtangulia. Huko ndiko wazee walikokwenda kutambika mambo yalipoharibika. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa milima hii, alipoandika historia ya Wapare iliyochapishwa mwaka 1969, aliijenga kwa masimulizi ya wazee, ukoo kwa ukoo. Na ukoo ulijulikana pia kwa mahali walipolazwa watu wake. Sisi wa leo tunamwaga zege juu ya kaburi na kulipiga vigae, asitoke mtu.

Tulipofika mwisho wa njia ya gari mvua ilikuwa imenyesha, na udongo mwekundu ukawa kama sabuni. Dereva akazima injini, akakataa katakata kuendelea. Kutoka hapo hadi nyumbani kwa mjomba ni mwendo wa nusu saa kwa mtu asiye na mzigo, kwa njia ya mguu kati ya migomba. Hapo ndipo nilipotambua kwamba jeneza lile lilichaguliwa na watu wasiokusudia kulibeba.

Walilibeba wanakijiji. Waliteremka bila kuitwa, kama waendavyo kwenye msaragambo kuchimba mfereji, wakabadilishana mabega kila baada ya hatua chache, huku mzee mmoja akitangulia kukata matawi ya migomba kwa panga. Mara mbili waliteleza wakapiga magoti, na mara zote mbili jeneza halikugusa ardhi. Hakuna hata mmoja wao ambaye jina lake lilikuwa katika daftari langu la michango. Kaburi walikuwa wameshalichimba tangu jana yake, na makande yalikuwa jikoni.

Jioni, wageni walipokwisha kuteremka, mkaza mjomba aliniita kando. Hakuuliza jeneza liligharimu kiasi gani. Aliuliza deni ni la nani, maana mtoto wao wa mwisho alitakiwa shuleni baada ya wiki mbili. Nikamwambia ni letu sisi wa mjini, jambo ambalo kikaoni hatukuwa tumelisema, na ambalo ilinibidi nirudi kulipigania kwa wiki tatu.

Kisha akaiangalia mifuko sita ya saruji iliyopangwa barazani. Mzee yule wa panga akasema kaburi bichi halijengewi, sharti masika ipite udongo ushuke. Masika ilipopita nilirudi. Mifuko miwili ilitosha kulizungushia kaburi ukingo mfupi, bila vigae. Mine ilikuwa imejengea tangi la kukinga maji ya mvua nyuma ya jiko, na mkaza mjomba akanichotea humo maji ya kunawa.