Kinga Iliyomgeuka Mwenyewe

Mke wangu alipoanza kuvimba vidole hapa Korogwe, mimi mwalimu mzima nilimpeleka kwa mganga Handeni. Alikunywa mizizi miaka miwili, vidole vikapinda. Kumbe ni baridi yabisi: kinga ya mwili humgeuka mwenyewe, ikashambulia viungo vyake.

Mwaka 1968 daktari Brian Greenwood aliandika kuwa maradhi ya namna hii yalikuwa haba Nigeria, akadhani vimelea, hasa vya malaria, huituliza kinga. Huku kwetu malaria imepungua. Huenda hayo mengine yakaongezeka. Hata hivyo, niliwafundisha watoto kufukia madimbwi, na ningewafundisha tena.

Sasa mazoezi na maji ya moto humpunguzia maumivu. Lakini dawa ya hospitali ndiyo inayovilinda vidole vilivyosalia. Nilichelewa.