Kungoja Ziwa Lishuke: Rumonge na Mwambao Wake

Mwezi huu tunatembelea Rumonge na mwambao wa Burundi. Tunaanza na swali ambalo familia za kule zinaulizana kila ziwa likijaa: je, maji yameshatoka shambani?

Wenzetu wa mwaka 1972 waliohamishiwa Marekani kuanzia mwaka 2007 nao wana swali lao. Wakipiga simu mwezi wa tatu wanasema bustani bado imefunikwa na theluji, wanangoja iyeyuke polepole ndipo wapande maharage na lengalenga. Watoto wetu wanacheka, theluji hawajaiona. Lakini mtu wa Rumonge anaelewa mara moja. Kwetu kinachofunika bustani ni ziwa lenyewe.

Kwa wale ambao hawajafika, njia ni hii. Ukitoka Kigoma kupitia Manyovu unavuka mpaka pale Mugina, unapita Mabanda, halafu unateremka hadi Nyanza-Lac. Hapo Ziwa Tanganyika linakaa mkono wako wa kushoto, na barabara inalifuata kuelekea kaskazini. Unapita msitu wa Kigwena, michikichi inazidi kuwa mingi, na mara umefika Rumonge mjini. Kutoka hapo hadi Bujumbura zinabaki kama kilomita 70 na kidogo.

Kulia milima, kushoto maji. Katikati ni ukanda mwembamba wa tambarare, ndiyo Imbo. Kila kitu kinabanana hapo: barabara, nyumba, mihogo, mpunga, mitambo ya kukamulia mawese, na ufukwe wa kuanikia ndagala. Ndiyo maana ziwa likisogea hatua kumi tu, kuna mtu amepoteza chakula.

Sasa, kwa nini maji yanachelewa kutoka? Ziwa letu lina urefu wa kilomita zaidi ya 670 na kina cha karibu mita 1,470. Linapokea mvua, Rusizi, Malagarasi na mito mingi midogo ya milimani. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga pale Kalemie, upande wa Kongo. Maji mengi zaidi hayatoki kwa mlango huo, yanaondoka juu kwa juu kwa jua na upepo. Basi mvua inaweza kulijaza haraka, lakini jua linalipunguza kidogo kidogo. Mwaka wa kawaida linapanda mpaka mwezi wa tano, halafu linashuka kiangazi chote hadi mvua mpya zinapoanza. Tofauti yake haifiki mita moja. Kwenye tambarare kama Imbo, hiyo mita moja ni shamba zima.

Wazee wanaukumbuka mwaka 1964, maji yalipopanda sana. Kizazi cha sasa kimepata yake. Baada ya 2018 mvua zilifuatana, na ziwa likapanda kuliko lilivyoshuka. Mwaka 2021 maji yaliingia katika nyumba za Rumonge, mitaa ya chini kama Kanyenkoko, watu wakahama na magodoro kichwani. Mwaka 2024 yakarudi tena, na hata bandari ya Bujumbura ikaingiliwa.

Maji yakianza kushuka, mkulima haingii shambani siku hiyo hiyo. Mihogo iliyolala ndani ya maji imeoza, hiyo ni ya kung'oa. Mchikichi unavumilia kwa muda, lakini maji yakituama sana nao unakauka. Udongo lazima ushike mguu bila kuumeza. Ndipo inapandwa mimea ya haraka, wakati unyevu bado upo: maharage, nyanya, lengalenga, viazi vitamu kwenye matuta.

Lakini kazi ngumu siyo jembe. Kazi ngumu ni mpaka. Maji yakitoka, ule ua wa minyaa umekufa, mti wa alama umeanguka, mchanga umelala juu ya kila kitu. Jirani anasema mpaka ulikuwa huku, wewe unasema ulikuwa kule.

Sisi watu wa mwambao ugomvi huo tunaujua vizuri. Umwagaji damu wa mwaka 1972 ulianzia huku, tarehe 29 Aprili, na maelfu walivuka kwenda Tanzania na Kongo. Mashamba yao yakachukuliwa na wengine, mengine yakaingia katika miradi ya michikichi. Waliporudi miaka ya 2000 walikuta watu waliokaa pale miaka 30 na zaidi, wenye watoto na makaburi yao. Kamisheni ya ardhi, CNTB, iliundwa mwaka 2006, na kesi za Rumonge na Nyanza-Lac zilikuwa nyingi mno. Ilimaliza muda wake mwaka 2022, lakini ugomvi haukuisha nayo.

Kwa hiyo kungoja siyo kukaa bure. Kaeni na mzee wa familia, kijana ashike kalamu. Andikeni kilima chenu kwanza, maana mikoa inabadilika: Rumonge ilikuwa chini ya Bururi, ikawa mkoa mwaka 2015, na mwaka 2025 ikaingia mkoa mpya wa Burunga. Halafu andikeni mnapakana na nani kila upande, kijito gani, jiwe gani, nani alishuhudia mkinunua au mkirithi. Chora na ramani, hata kama siyo nzuri. Karatasi za zamani zifungwe kwenye plastiki.

Na mjue jambo hili kabla hamjapanga nyumba: sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika. Mwulizeni mzee pia mwaka ule maji yalifika wapi. Ziwa huwa linakumbuka njia yake.

Ziwa likishuka, shamba litaonekana. Swali litakuwa nani anaweza kueleza ni la nani. Wazee tulio nao leo bado wanaweza. Waulizeni jioni hii, baada ya chakula.