i5 ya Zamani na i3 ya Sasa: Tulivyochagua Kompyuta ya Kazi za Maharusi

Leo hatuzungumzii shela wala hina. Tunazungumzia prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kwa sababu zamu yetu ya kibati ilipofika, sisi mawifi wawili tulitakiwa kuamua pesa ile iende wapi, na kibati hakirudi kesho.

Tuko Mitundu, huku bara, Halmashauri ya Itigi, mkoa wa Singida. Ushonaji tulijifunza Unguja, ndoa ndizo zilizotuleta huku. Tunashona nguo za harusi na kudarizi abaya, na kwa miaka kadhaa sasa tunaunganisha pia video za ukumbi wa wanawake. Hili la video ndilo zito. Bi harusi akishavua mtandio mbele ya wanawake wenzake, hataki picha zile zipite kwa kijana wa studio asiyemjua. Anatuletea sisi, tunakata, tunaunganisha, tunamkabidhi, kisha tunafuta. Kompyuta ikishindwa, ama kazi ile isifanyike, ama amana ya mtu itoke mikononi mwa wanawake. Na laptopu yetu ilikuwa inashindwa.

Laptopu hiyo ni ya mtumba, ina Intel Core i5-3320M, prosesa iliyotoka 2012. Kompyuta ya mezani tuliyoonyeshwa ina Core i3-12100, iliyotoka mwanzoni mwa 2022. Muuzaji mmoja alituambia bila kupepesa macho kwamba kutoka i5 kwenda i3 ni kushuka, bora tuchukue laptopu nyengine ya i5 kama ile ile. Maneno hayo huwapata wengi kwa sababu yanafanana na hesabu: tano ni kubwa kuliko tatu!

Soma namba inayofuata, shoga. Hii 3320 inaanza na 3, maana yake kizazi cha tatu. Hii 12100 inaanza na 12, kizazi cha kumi na mbili. Herufi M inaonyesha prosesa ya laptopu. Sasa i3 na i5 hulinganishwa ndani ya kizazi kimoja. Ukivuka vizazi, majina hayo hayakusaidii, kama vile saizi 12 ya kiwanda kimoja isivyokuwa saizi 12 ya kiwanda chengine. Wangapi wamelia na gauni la kuagiza siku mbili kabla ya nikaha?

Ile ya 2012 ina viini viwili, yaani kama mafundi wawili ndani ya duka moja. Ya 2022 ina viini vinne. Kasi ya zamani ni gigahezi 2.6, ikijikaza inafika 3.3. Ya sasa inaanzia 3.3 na kupanda hadi 4.3. Ukitazama gigahezi peke yake utasema tofauti ni ndogo, na hapo ndipo wengi wanapoishia. Lakini gigahezi inahesabu mizunguko tu, haisemi kazi kiasi gani inafanyika ndani ya kila mzunguko. Chukua mafundi wawili wanaokanyaga cherehani kwa mwendo mmoja. Mmoja vipande vyake vimekatwa na kupangwa pembeni yake, mwengine kila mshono anainuka kwenda kabatini. Nani atamaliza kwanza? Prosesa nayo ina meza yake ya pembeni, inaitwa kashe. Ya zamani ni megabaiti 3, ya sasa ni 12. Ukijumlisha yote hayo, kiini kimoja cha i3 hii kinafanya zaidi ya mara mbili ya kiini kimoja cha i5 ile, na viini vyote vikishika kazi pamoja tofauti inakaribia mara tano.

Kwenye video kuna jengine tena. iPhone tangu 2017, na simu nyingi nyengine za siku hizi, zinaweza kurekodi kwa mfumo wa HEVC, unaobana video ili isijaze simu. Prosesa ile ya 2012 haina sehemu maalumu ya kuufungua mfumo huo, kwa hiyo viini viwili vinahangaika peke yao, feni inalia, na bi harusi anaingia ukumbini kwa kukatikakatika. i3-12100 inayo sehemu hiyo. Ila mkienda dukani tazameni herufi F: i3-12100F haina sehemu ya picha kabisa, na bila kadi ya picha ya kununua kando skrini haitaonyesha kitu.

Kwenye darizi, tusidanganyane, hakuna miujiza. Ua lenye mishono 45,000, mashine ikienda mishono 750 kwa dakika, ni saa nzima, uwe na kompyuta ya mwaka wowote. Aliye na kazi ya darizi na vipimo tu asivunje kibati.

Laptopu nayo ina ubora wake, hasa huku kwetu. Prosesa yake imepangiwa wati 35. Ile ya mezani ni wati 60, na ikikazwa hufika 89, bado hujaweka skrini. Kompyuta na skrini yake zikila wati 100, saa kumi zimemaliza uniti moja ya LUKU. Laptopu ikila 40, uniti hiyo hiyo inakwenda saa ishirini na tano. Na umeme ukikatika, laptopu inaendelea kwa betri, ya mezani inazima hapo hapo na kazi yako. Kwa hiyo UPS tuliihesabu ndani ya bei tangu mwanzo, alau tupate dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa salama.

Kilichotukatia shauri ni Windows 10, ambayo huduma yake ya kawaida ilifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha nane cha Intel. Laptopu nyengine ya kizazi cha tatu ingetuletea tatizo lile lile kwa pesa mpya.

Tukachukua ya mezani, alhamdulillah. Tumeiweka chumba cha ndani, mbali na meza ya kukatia, maana manyoya ya vitambaa na vumbi la Singida vikiingia kwenye feni prosesa inapata joto, na ikipata joto inajipunguzia kasi yenyewe. Laptopu imebaki dukani bila intaneti, inashika vipimo na michoro ya darizi. Wameshatokea wawili wanaoitaka. Tutaiuza bila diski, maana ndimo zilimopita video za wenyewe.