Goli Moja Halitoshi: Jamaa wa Tunduma na Mkewe wa Nakonde

Jumapili ya Januari 21, 2024, ndani ya nyumba moja Tunduma kulikuwa na timu mbili. Jamaa kavaa jezi ya Taifa Stars. Mkewe, mzaliwa wa Nakonde hapo ng'ambo ya mpaka, kavaa ya Chipolopolo. Saa 2 usiku huku, saa 1 kule kwao, mpira ukaanza San Pedro, Ivory Coast.

Dakika ya 11, Msuva katupia! Jamaa karuka, chai ikamwagika. Kabla ya mapumziko Zambia wakala kadi nyekundu, wakabaki 10. Tangu 1980 Stars haikuwahi kushinda hata mechi moja kwenye fainali za AFCON. Leo ndiyo leo.

Kipindi cha pili mke akauliza, "Mbona mnarudi nyuma na nyie ndio wengi?"

"Tulia. Morocco walitupiga 3. Safari hii mlango unafungwa."

Dakika ya 88. Kona ya Chama, yule yule wa Simba, kichwa cha Daka. 1-1.

Mke hakushangilia. Alisema tu, "Baba watoto, hii ni kama biashara yetu."

Hapo ndipo palipouma. Miaka miwili alikuwa akiomba waongeze fremu ya pili ya vitenge. Jibu lilikuwa lile lile: tulinde hiki kidogo. Na jamaa hakuwa mjinga. Aliwahi kupoteza mzigo mzima njiani, mtaji ukakata, wakala ugali na chumvi. Anayejua kufungwa 3 anajifunza kupaki basi. Ila wakati yeye analinda, jirani kafungua duka la vitenge hivyo hivyo, wateja wakaanza kuhama mmoja mmoja.

Siku tatu baadaye Stars wakacheza na DR Congo. 0-0. Hakuna aliyewafunga, na bado wakarudi nyumbani: pointi 2, goli 1, mkiani mwa kundi. Zambia nao wakatoka.

Jamaa akazima TV, akakaa kimya muda mrefu.

"Ile fremu ya karibu na stendi bado ipo?"

"Ilishachukuliwa. Ila kuna nyingine, ndogo."

"Tutoe nusu ya akiba. Nusu ibaki golini."

Mke akacheka. "Sawa, kocha. Lakini safari hii mshambuliaji ni mimi."