Gerezani, taimingi ikigoma

Ukitaka kuona ufundi wa Dar, tia timu Gerezani. Juzi nilikuta pikapu Land Cruiser FJ45 ya 1978, injini 2F, kifua wazi. Gari hizi hazina cheni ya taimingi bwana, ni gia kwa gia: krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti mara moja. Meno yakilika, kelele tupu. Kasheshe ni kubadili: gia imebanwa kwenye kamshafti kwa presi, kwa hiyo kamshafti nzima inachomolewa.

Dogo mmoja akashika nyundo. Fundi akafoka: "Weka chini! Ukiipinda utailipa wewe?"

Wakaipeleka kwenye presi. Kuirudisha, alama za gia zitazamane. Ukikosea jino moja, gari inakohoa tu. Mwenyewe, mzee anayeishi kwa kusomba mkaa na pikapu hiyo hiyo, alisimama kimya mpaka ikanguruma.

"Haya mzee, tuachie ya soda."